Cheti cha Utoto wa Muda

Nchi ninayoisimulia haipo, na ikiwa ipo si yenu, na ikiwa ni yenu basi msinilaumu, maana jina sikulitaja. Ni nchi nzuri. Ina bendera, ina wimbo, ina mawaziri arobaini na tisa, na mmoja wao ni Waziri wa Utoto.

Waziri huyo aliitwa Mheshimiwa Sifuni Mapambio. Aliwapenda watoto kupita kiasi, na katika miaka sita ya kazi alikuwa amewajengea viwanja vya michezo mia mbili. Kila kiwanja kilikuwa na bembea ya zege. Zege lilichaguliwa na kamati ili bembea zisiharibike, na kweli, haikuharibika hata moja. Hazikubembea, lakini kubembea hakukuwa kumetajwa kwenye zabuni. Watoto walizipita kila siku wakienda kucheza jalalani, na Wizara ikaunda tume ya kuchunguza chanzo cha utovu wa shukrani miongoni mwa raia wafupi.

Tume haijamaliza kula posho yake, akaja mgeni kutoka ng'ambo. Kwenye chakula cha mchana mgeni huyo akauliza, kwa upole tu, kama watoto waliwahi kuulizwa wanataka nini. Kesho yake Mheshimiwa Mapambio akatangaza redioni kwamba amepata wazo peke yake, akiwa bafuni: wabunifu wote wa serikali waache meza zao, waende wakaishi na watoto, wale wanachokula, washinde wanakoshinda, wajifunze kwao. Lilikuwa wazo jema. Hilo nalisema bila utani, na ndilo linaloniuma zaidi katika kisa hiki.

*

Katika wabunifu wote wa serikali, aliyefurahi kwa dhati alikuwa mmoja, Tunu Kasembe. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na minane, na kwa miaka kumi na mmoja kazi yake ilikuwa kuchora madawati ya shule. Katika miaka hiyo yote hakuwahi kumwona mtoto akikalia dawati alilolichora. Madawati yake yalikwenda kwenye maonyesho, yakapigwa picha, yakarudi ghalani. Tunu alipolisikia tangazo, aliweka penseli chini akalia kidogo, kisha akaenda kujiandikisha.

Waliandikishwa katika Kitengo cha Kujishusha, ghorofa ya tisa. Pale aliketi Kamishna wa Magoti, bwana mnene aliyekuwa na utepe wa kupimia shingoni kama fundi cherehani. Kila mbunifu alipimwa urefu, kisha urefu wa mtoto ukatolewa, na kilichobaki kikaandikwa kwenye jalada kuwa ni "ziada ya kushushwa". Kwa wiki nzima walijifunza kutembea kwa magoti kwenye kapeti. Walifundishwa kushangaa vitu. Walikatazwa kuamkiwa shikamoo na mtoto yeyote, kwa kuwa Kitengo kilikuwa kimefanya utafiti na kugundua kwamba shikamoo humrefusha anayeamkiwa kwa takriban nusu mita.

Mwishoni kila mmoja akapewa beji ya kijani ya kuvaa kifuani na Cheti cha Utoto wa Muda, cha siku tisini. Ibara ya nne ya cheti ilisema kwamba mwenye nacho, kwa kipindi chake chote, atahesabika kuwa mtoto mbele ya serikali, na atakuwa na sauti ileile aliyo nayo mtoto. Tunu aliisoma mara mbili. Aliiona ni ibara nzuri kuliko zote alizowahi kuzisoma katika nyaraka za serikali, akatia sahihi.

*

Alipelekwa mji wa Mbugwani, nyumbani kwa mwanamke mmoja aliyeitwa Mama Siwema. Mama huyo alikuwa akipalilia mashamba ya watu kwa kibarua, na alikuwa na uvimbe shingoni, mkubwa kama limau, uliokuwa umeanza kumzuia kumeza. Ugali alikuwa ameshauacha. Aliishi kwa uji na chai, na akizungumza alishika shingo kwa mkono mmoja. Mtoto wake alikuwa mmoja tu, Siwema, mwenye miaka tisa.

Siwema akamwamkia mgeni shikamoo. Ofisa aliyemsindikiza Tunu akamkemea, akamweleza habari ya nusu mita. Mtoto akafikiri, akasema kwamba basi atamwita anti, maana hilo halina urefu wowote. Ofisa akapekua mwongozo wake, hakuona katazo, akaondoka. Tunu akapiga magoti mbele ya Siwema kama alivyofundishwa na kumwomba amfundishe maisha yake. Siwema akamwambia ainuke kwanza, atachafua gauni, kisha wafanye haraka kwa sababu kengele ya pili ya hospitali inakaribia kugonga.

Wakaenda hospitali.

Hospitali ya Mbugwani ilikuwa na majengo manne, kitanda kimoja chenye godoro, na picha ya kiongozi fulani akilizindua godoro hilo. Daktari wa upasuaji alikuja mara moja kwa mwaka, kwa siku moja. Siku hiyo aliwapima watu arobaini, akawaandikia karatasi ya kwenda kupasuliwa jijini, akapanda gari akaenda zake. Wa arobaini na moja alisubiri mwaka mwingine, akijaliwa. Kwa hiyo foleni ilianza miezi minne kabla. Lakini ni nani mwenye shamba na kibarua awezaye kukaa foleni miezi minne? Watu wa Mbugwani, ambao hawakusoma ubunifu popote, walikuwa wamelitatua jambo hilo zamani. Kila mgonjwa aliweka jiwe lake kando ya ukuta wa hospitali, na kila jiwe likapewa mtoto wa kulilinda.

"Jiwe lisilo na mtoto hutembea," Siwema alimweleza.

Tunu alicheka, akidhani ni hadithi ya kitoto. Siku ya tatu akamwona bwana mmoja mwenye viatu vizuri akiinama kufunga kamba karibu na jiwe la tisini. Bwana huyo akatembea taratibu, akainama tena karibu na la ishirini, na alipoinuka mawe ya ishirini yalikuwa mawili. Watoto wote walipiga kelele kwa pamoja, wakalirudisha jiwe mahali pake, na hakuna aliyemtukana. Kumbe ndivyo mawe yanavyotembea.

Yalikuwa mawe mia moja na kumi na mawili. La Mama Siwema lilikuwa la thelathini na nne, jeusi, limefungwa kitambaa cha khanga. Kila kengele ilipogonga watoto walisimama na kuita majina ya wagonjwa kwa mfuatano kutoka mwanzo mpaka mwisho, na jiwe lisiloitikiwa mara tatu liliondolewa. Siwema alimfundisha Tunu kazi. Ukae umeligeuzia jiwe mgongo, maana ukilikodolea macho watu watajua una hofu. Ukibanwa na haja, uage majirani wawili, wa mbele na wa nyuma, usiage mmoja tu, kwa kuwa mmoja anaweza kusinzia. Mvua ikinyesha usikimbie, ndipo wezi wanapopenda. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na Tunu alijiona ana kipara mbele ya mtoto huyu. Shule Siwema alikuwa ameiacha tangu foleni ianze. Daftari lake la darasa la pili lilikuwa nyumbani, chini ya godoro, na lilikuwa na kurasa sita tu zilizoandikwa.

*

Siku ya sitini Kamishna wa Magoti alikuja kukagua. Alishuka garini, dereva akamwekea mto chini, naye akapiga magoti juu ya mto huo ili kuzungumza na Tunu katika hali ya utoto. Alitaka fomu ya siku. Fomu hiyo ilikuwa na visanduku vitatu vya kueleza mtoto alikuwa akifanya nini kila saa: Anacheza, Anakula, Analala.

"Hakuna kisanduku cha kazi," Tunu alimwambia.

"Kiwepo kwa nini? Kazi za watoto zilifutwa kwa amri, Jumanne moja, mwaka juzi. Nilikuwepo." Kamishna alipangusa jasho. "Lakini kama umeona mtoto anafanya kazi, andika pembeni, polisi watamfuata anayemtuma. Miezi sita ndani. Nani anamtuma?"

Tunu alimtazama Siwema, aliyekuwa amekaa na kuligeuzia jiwe mgongo. Alimfikiria mama yake akiingizwa kwenye karandinga huku ameshika shingo. Akatia alama kwenye Anacheza, saa kumi na moja kwa siku, siku sitini.

Mpaka hapo simlaumu. Hata mimi ningetia alama hapohapo. Lakini chini ya kisanduku cha Anacheza palikuwa na nafasi ya maelezo, na angeweza kuiacha wazi kama walivyofanya wenzake wote, ambao walikuwa wamekodi nyumba yenye feni na kuandika kwamba watoto hupenda mpira. Tunu hakuiacha wazi. Mtu aliyekaa miaka kumi na mmoja akitamani kuona kitu, akikiona huwezi kumzuia kukisema. Aliandika kurasa nane. Alichora safu ya mawe, alichora alama zake, manyoya ya kuku, mkaa, vitambaa, alichora watoto wamesimama wakiita majina. Michoro ilikuwa mizuri sana, na hapo ndipo ninapomkasirikia, kwa sababu aliipenda. Juu ya ukurasa wa kwanza aliandika kwa herufi kubwa: MCHEZO WA MAWE WA MBUGWANI.

Kamishna aliweka kurasa hizo kwenye bahasha, akasaidiwa kuinuka.

*

Mheshimiwa Mapambio aliisoma ripoti akaipiga busu. Akasema hii ndiyo sauti ya mtoto aliyokuwa akiitafuta, mchezo wa asili, usio na gharama, unaofundisha nidhamu, subira na kukaa mahali ulipowekwa. Akaagiza mambo mawili. La kwanza, mawe ya Mbugwani yakusanywe yahifadhiwe kwenye Makumbusho ya Taifa ya Utoto, ambayo yangejengwa. La pili, kila mtoto wa nchi apewe jiwe jipya la plastiki, jepesi, la bluu, lenye picha ya Waziri akitabasamu. Siku ya uzinduzi ikapangwa iwe ileile ya daktari, kwa kuwa umati ungekuwa umeshajikusanya wenyewe.

Tunu hakuambiwa kitu. Ripoti ilikuwa mali ya Wizara, na yeye alikuwa mtoto.

Siku hiyo wagonjwa walifika na jua la asubuhi, wameoga, wamevaa nguo za kutokea. Mama Siwema alikuwa hajanywa hata chai, alikuwa amesikia kwamba daktari hupenda mtu mwenye tumbo tupu. Kabla gari la daktari halijaonekana, likaja lori. Vijana wenye glavu nyeupe wakashuka, wakaanza kuokota mawe. Waliyafunga moja moja kwa pamba, kwa heshima kubwa, kama mayai, wakayapanga kwenye masanduku. Watoto walipiga kelele kama walivyozoea, lakini vijana hawa hawakuwa na aibu ya mwizi, walikuwa na barua. Ndani ya nusu saa ukuta ulikuwa mtupu. Kila mtoto akatiliwa mkononi jiwe la bluu, na upepo ukavuma, ukapeperusha mengi ya hayo mpaka kwenye mtaro.

Watu wazima walianza kusukumana. Yule bwana wa viatu vizuri alikuwa ameshafika mlangoni.

Hapo Siwema akapanda juu ya ndoo. Hakulia. Aliita jina la kwanza, mwenye jiwe lililoandikwa kwa mkaa, na mtoto wa jiwe hilo akaenda akakaa chini mahali palepale jiwe lilipokuwa. Akaita la pili. Watoto wakaanza kuita naye, kwa sauti moja, kama walivyoita kila kengele kwa miezi minne, na kwa kila jina mtoto alikaa na mgonjwa wake akasimama nyuma yake. Wakubwa waliacha kusukumana, mmoja baada ya mwingine. Bwana wa viatu vizuri akarudishwa nyuma ya wote. Majina mia moja na kumi na mawili yaliitwa bila kuruka hata moja, na aliyeitwa wa thelathini na nne alikuwa Mama Siwema, naye Siwema akateremka kwenye ndoo, akakaa mbele ya mama yake. Tunu alisimama kando, akijua kwamba katika maisha yake hajawahi kuona kitu kilichobuniwa vizuri kuliko hicho.

Msafara wa Waziri uliwasili wakati wa jina la mia na tano. Mheshimiwa Mapambio alisimama na mkono kifuani. Machozi yalimlengalenga.

"Wananchi," alisema, "watoto wameuanza mchezo bila kunisubiri, na sitawalaumu, kwa maana furaha haina itifaki. Serikali yenu haitazami watoto kwa mbali. Serikali yenu inashuka. Leo na mimi nacheza."

Akaenda mwanzo wa foleni, akatandikiwa zulia, akakaa. Nyuma yake akakaa Kamishna wa Magoti, na nyuma ya Kamishna wakakaa wakurugenzi na makatibu, mpaka wakatimia kumi na wawili. Watoto wote wakasogezwa nyuma hatua kumi na mbili ili picha ipendeze.

Tunu alifanya hesabu, kisha akatoka mbele ya watu wote.

"Mheshimiwa, huu si mchezo. Ni foleni ya hospitali. Niliandika uongo, nikaogopa. Watoto hawa wanawashikia wazazi wao nafasi kwa daktari, na nyinyi mmekaa kwenye nafasi za wagonjwa kumi na wawili. Tafadhali inukeni."

Katibu mmoja akaisoma beji ya kijani, akafungua jalada, akamnong'oneza Waziri kwamba cheti cha huyu bado kina siku nne. Uso wa Waziri ukafunguka.

"Kumbe ni mtoto," alisema. "Tumsikilize. Mradi huu ni wa kusikiliza."

Wakamwambia arudie. Akarudia, na wakamsikiliza kwa dakika moja kamili, katibu akiwa ameshika saa, vichwa vyao vimeinama upande kama walivyofundishwa. Dakika ilipotimia wakapiga makofi. Waziri akamwita karibu, akampapasa kichwani, akampa peremende, akauambia umati kwamba mtoto huyu ana akili nyingi na bila shaka akikua atasema mambo ya maana. Kisha akaomba apelekwe akakae na wenzake. Polisi wawili wakamshika mabega kwa upole, wakamkalisha mwisho wa foleni, nyuma ya bwana wa viatu vizuri.

Daktari alifika saa nne. Alikuwa mtu mwadilifu aliyechoka, na kanuni yake aliijua kila mtu: hupima foleni kama alivyoikuta, kutoka wa kwanza mpaka wa arobaini, asibadilishe hata akiletewa mbuzi. Akaanza kwa Waziri. Presha ilikuwa njema. Kamishna alikutwa na sugu za magoti, akaandikiwa karatasi ya kwenda jijini. Msafara ulipimwa wote, huku ukicheka na kupigwa picha, kisha ukaondoka na masanduku ya mawe kwenda kwenye chakula cha mchana.

Mgonjwa wa mwisho kupimwa siku hiyo alikuwa wa jiwe la ishirini na nane. Tunu alimkimbilia daktari akiwa tayari garini, akamshika mkono, akamwomba amtazame mwanamke mmoja tu, dakika mbili tu. Daktari alimtazama Mama Siwema pale aliposimama, akaitazama ile shingo kwa mbali, na kwa muda kidogo ilionekana kama atashuka.

"Nikishuka kwa mmoja," alisema, "watakaouana mwakani kugombea nafasi nitawajibu nini?"

Gari likaondoka. Mama Siwema alifungua fundo la khanga, akatoa kipande cha muwa alichokuwa amemwekea mwanawe, akampa. Kisha akamwambia Tunu kwa sauti yake ya kukwaruza kwamba asilie barabarani, watu watadhani kuna msiba.

*

Siku nne baadaye utoto wa Tunu uliisha. Gari la Wizara lilikuja asubuhi kumchukua. Alikuwa amechaguliwa kuwa Mbunifu Bora wa Taifa, na dereva alikuwa na gauni lake la kuvaa kwenye sherehe, limening'inizwa nyuma ya kiti.

Tunu hakuwa nyumbani. Alikuwa amemfuata Siwema hospitalini, ambako foleni ya mwakani ilikuwa imeshaanza. Mawe yaliyotangulia yalikuwa tisa. Siwema alikuwa amebeba la kwake kutoka mtoni, zito kuliko lile la kwanza, akaliweka la kumi, akalifunga kitambaa, na nyuma yake lilikuwa limeshafuata la kumi na moja. Safari hii si miezi minne iliyokuwa mbele yao, bali mwaka mzima kasoro siku nne, na mama yake sasa hata uji aliumeza kwa kufumba macho.

Dereva alimfuata mpaka hapo, akapiga honi. Tunu akapiga magoti, safari hii bila kufundishwa na mtu, akamwambia Siwema kwamba anakwenda jijini, kwamba atasimama mbele ya wakubwa akiwa mtu mzima na atasema ukweli wote, na atarudi. Aliahidi mengi, maana alikuwa na uchungu wa kweli.

Siwema alimsikiliza mpaka alipofika kwenye neno kurudi.

"Anti, wewe ndiye uliyeandika kwamba huu ni mchezo?"

"Ndiyo. Ni mimi."

"Basi cheza."

Akamshika bega, akamgeuza aligeuzie jiwe mgongo, akamkalisha. Akawaaga jirani wa mbele na wa nyuma, akawaambia jiwe la mama yake lina mtu. Kisha akachomoa daftari lililokuwa limekunjwa kiunoni mwake, lenye kurasa sita zilizoandikwa, akalinyoosha kwa kiganja.

Dereva alipiga honi tena, mara tatu, kwa hasira. Tunu akasema subiri kidogo Siwema, nisikie, kuna jambo sijamaliza kukuambia. Lakini mtoto alikuwa ameshavuka barabara. Darasa la pili huanza saa moja na nusu, na yeye alikuwa amechelewa.